Joto la ekzosi na la jikoni bado lina kazi

Dereva anapojaza petroli, kinacholisukuma gari barabarani mara nyingi hakizidi theluthi moja ya nishati aliyoilipia. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi kwenye ekzosi, na kiasi kinachokaribia hicho huchukuliwa na maji ya rejeta kisha kikapeperushwa na feni. Dizeli ina nafuu: injini nzuri hufika asilimia 40, na zile kubwa za meli hukaribia nusu. Hili si kosa la mafundi. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha tangu mwaka 1824 kwamba mtambo wowote unaopata nguvu kutokana na joto ni lazima uachie sehemu ya joto hilo. Kinachoamua kiasi gani kiachiwe ni tofauti kati ya upande wa moto na upande wa baridi.

Ndiyo maana joto lote halina thamani moja. Beseni la maji ya uvuguvugu lina joto jingi kuliko kijiti cha kiberiti kinachowaka, lakini huwezi kuwashia jiko kwa beseni. Tuchukue hesabu ya Carnot: moshi wa nyuzi 500, nje kukiwa na nyuzi 30, unaweza kutoa kazi mpaka asilimia 60 ya joto lake. Maji ya rejeta yenye nyuzi 90 hayavuki asilimia 17, na ukitoa hasara za mtambo wenyewe unabaki na kidogo mno. Basi joto la ekzosi lizungushe kitu, na la rejeta litumike kama joto: kupasha maji ya kuoga, kukausha nafaka, kuosha vyombo. Mwenye jenereta kubwa inayofanya kazi kila siku, awe na hoteli au kiwanda kidogo, ana maji ya moto anayoyatupa huku akilipia hita ya umeme upande wa pili wa ukuta.

Mfano mkubwa tulio nao nchini uko Kinyerezi, Dar es Salaam. Kinyerezi I, yenye megawati 150, huchoma gesi asilia kwenye tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalozungusha jenereta, kisha moshi huenda zake. Kinyerezi II, iliyozinduliwa mwaka 2018 na yenye megawati 240 hivi, haikubali hivyo. Moshi unaotoka kwenye tabaini za gesi, ukiwa bado na mamia ya nyuzi, hupitishwa kwenye boila. Maji huwa mvuke, na mvuke huzungusha tabaini nyingine. Katika mitambo ya aina hii takribani theluthi ya umeme hutokana na mvuke huo, bila kuchoma gesi ya ziada. Viwanda vya sukari, kama TPC kule Moshi, hufuata njia ya karibu na hiyo: makapi ya miwa huchomwa, mvuke wake huzalisha umeme kwanza, kisha joto linalobaki huenda kuchemsha maji ya miwa. Kazi inayohitaji moto mkali hutangulia, ile inayoridhika na moto mdogo hufuata.

Kwenye malori kazi hiyo hufanywa na tabo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliiandikia hataza mwaka 1905. Moshi huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Madereva wa malori niwaombe jambo moja: ukimaliza kupanda Kitonga ukasimama, acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Oili inayopoza beringi za tabo husimama pale injini inapozimwa, wakati gurudumu bado ni la moto sana, na oili iliyonaswa humo huungua ikawa masizi.

Kuna tabia ya gereji inayonisikitisha. Gari likichemsha, fundi hutoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, humwambia mteja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya, na sindano ya joto hushuka kweli. Kilichoshuka pia ni ufanisi. Injini imeundwa ifanye kazi kwenye nyuzi 90 hivi. Ikibaki ya baridi, kompyuta ya gari hudhani ndiyo kwanza imewashwa, ikaendelea kuongeza mafuta. Oili hubaki nzito na kuta za silinda hulika haraka. Gari linalochemsha lina rejeta iliyoziba, feni mbovu, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyoungua. Tafuta hilo, na thamostati ikiwa mbovu weka mpya.

Nyumbani hatuhitaji tabaini. Kwenye mafiga matatu, sehemu ya joto la kuni inayoingia kwenye chungu ni kama asilimia 10 hadi 15. Iliyobaki hupasha ukuta na macho ya mpishi. Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo Kenya ililieneza kuanzia miaka ya 1980, hukaribia asilimia 30. Lakini hata mwenye jiko zuri hupoteza mengi juu ya sufuria. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji kilojuli 315 hivi. Kuyageuza maji hayohayo yote yawe mvuke kunahitaji 2,257, zaidi ya mara saba. Sufuria ya maharage inayotokota bila mfuniko inakula mkaa kwa kutengeneza mvuke, na maharage hayaivi upesi zaidi, kwa sababu maji yakishachemka hayazidi joto hata ukichochea moto. Mbeya mjini, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi tu. Huko sufuria ya presha, inayopandisha joto la maji mpaka karibu nyuzi 120, ina faida kubwa kuliko Tanga.

Asiye na presha anaweza kutumia kapu, linaloitwa jiko kapu kwa wenzetu wa Kenya. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yatokote kwa nguvu dakika 20. Usipunguze hapo: maharage mekundu yana sumu ya asili isiyokufa kwa maji ya uvuguvugu. Kisha funika, ingiza sufuria kwenye kapu lililotandikwa nguo nzito, pamba au majani makavu ya mgomba, gandamiza mto juu, na usifungue kwa saa tatu au nne. Hakuna moto unaowaka muda wote huo. Ukifungua ukakuta chakula hakitoi mvuke, kichemshe tena kabla ya kula.

Na tafadhali: makaa yanayobaki baada ya kupika yasiingizwe chumbani kupasha joto, hasa Njombe na Makete msimu wa baridi. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Bomba lolote linalovuna joto la ekzosi ya jenereta nalo lazima litoe moshi wake nje kabisa.

Friji na kiyoyozi havitengenezi baridi, huhamisha joto. Friji iliyobanwa ukutani haina pa kulitupa, kompresa hufanya kazi muda mrefu, uniti huisha. Iache nafasi ya kiganja nyuma. Kwenye hoteli za pwani joto linalotolewa vyumbani hupulizwa nje mchana kutwa, wakati vipo vifaa vinavyolipitisha kwanza kwenye tangi la maji ya kuoga. Mwombe fundi akupigie gharama zake kabla hajafunga mabomba, maana kuvunja ukuta baadaye ni ghali.