Mikasi ya jeni haiingii mwilini mwako

Msimu wa masika, mama mmoja alimleta mwanawe wa miezi minane kwenye maabara ninayofanya kazi, huku Mbagala, Dar es Salaam. Vidole vya mtoto vilikuwa vimevimba mpaka ngozi inang'aa. Daktari alishaandika kipimo cha haraka cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi: tone la damu kisiginoni, kikaratasi, unasubiri dakika chache majibu yanatoka. Nilipochukua sindano, mama akamkumbatia mwanawe. "Dokta, hicho si ndicho kile kinachobadilisha jeni?" Alikuwa amesikia sauti iliyosambaa WhatsApp. Nikaeleza, hakutaka. Akambeba mtoto, akaondoka.

Kipimo kile hakina uhusiano wowote na uhariri wa jeni. Ni kingamwili zilizopakwa kwenye karatasi, basi. Ila sauti ile haikutoka hewani. Vipimo vinavyotumia vifaa vya kuhariri jeni vipo kweli, na kwa kuwa havijaeleweka, hofu yake imeshaanza kuangukia hata vipimo tulivyovizoea. Haya ndiyo madai ninayoyasikia.

"Kipimo cha krispa kinabadilisha jeni za anayepimwa."

Hapana. CRISPR, ambayo wengi huitamka krispa, asili yake ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba kinga hiyo inaweza kuelekezwa kukata DNA, uzi unaobeba jeni, mahali panapotakiwa, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mikasi ya kwanza iliitwa Cas9. Baadaye wakajulikana ndugu zake, Cas12 na Cas13, wenye tabia moja ya ajabu, na vipimo vingi vya krispa vimejengwa juu ya tabia hiyo.

Chukulia kila mmoja wao ni mlinzi wa mtaa aliyepewa picha ya mwizi. Picha hiyo ni kipande cha RNA, uzi wa jamii ya DNA, kilichotengenezwa kifanane na sehemu ya jeni za kirusi au kimelea unachokitafuta. Mlinzi akipishana na watu wengine, anatulia. Akimwona mwenye sura ile, anapandwa na mori na kufyeka nyuzi za vinasaba zilizo karibu naye. Wanasayansi wakaona mwanya: wakaweka kwenye mrija nyuzi fupi zilizofungwa rangi ambayo haing'ai mpaka uzi ukatwe. Mrija ukiwaka, au mstari ukitokea kwenye kikaratasi, mwizi amepatikana. Kipimo kiitwacho SHERLOCK kilitangazwa mwaka 2017 kikitumia Cas13, na Mei 2020 toleo lake la UVIKO-19 lilipewa kibali cha dharura Marekani.

Yote hayo hufanyika ndani ya mrija mezani. Sampuli ikishatoka kwako hairudi. Majibu yakisomwa, mrija unaenda na taka za maambukizi.

Yako matibabu yanayohariri jeni za mgonjwa, na moja ni la selimundu hiyohiyo: Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Seli zinazotengeneza damu ya mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabara, kisha hurudishwa baada ya dawa kali za kusafisha uboho. Mgonjwa hulazwa wiki kadhaa, na Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Hakuna anayeweza kukufanyia hayo kwa kukuchoma kidole.

"Siku hizi simu yenyewe inapima."

Simu haiwezi kuonja damu. Kinachopima ni kemikali. Simu ni jicho na mdomo. Mwishoni mwa 2020 Doudna na wenzake walionyesha kifaa chenye leza kinachotumia kamera ya simu kuona mwanga wa Cas13 na kutambua kirusi cha korona ndani ya nusu saa. Bila kile kifaa na ule mrija, kamera ingeona giza tu. Kwa hiyo programu ikikwambia uweke kidole kwenye kamera ikusomee sukari, achana nayo.

Faida ya kuunganisha kipimo na simu ninaiona kila wiki. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la kifua kikuu chini ya saa mbili, lakini jibu hilo likisafiri kwa karatasi kutoka hospitali kubwa hadi zahanati, mgonjwa hukaa siku kadhaa akikohoa nyumbani na watoto. Jibu linaloingia kwenye simu ya mhudumu muda uleule linaokoa siku hizo.

"Tone moja, magonjwa yote."

Mlinzi anamkamata aliye kwenye picha tu. Ukimpa picha ya malaria, dengi itampita mbele ya macho.

"Taarifa zangu zitauzwa nje."

Hofu hii siibezi. Kifaa kinachotuma majibu kwenye mtandao kinaweza kutuma na jina lako, na mahali ulipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya zimo. Una haki ya kuuliza majibu yanakwenda wapi na nani anayaona. Uliza kabla hujatoboa kidole, na mhudumu asikasirike.

Vipimo vya krispa bado si vya kawaida kwenye zahanati zetu. Vingi vinahitaji kwanza kuzidisha vinasaba kwa joto la nyuzi 37 hadi 42 au zaidi, na mikono makini isiyochafua sampuli. Ndiyo maana nataka tuvielewe mapema.

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu, mtoto akiwa na homa. Safari hii nilimpa kikaratasi akishike mwenyewe, akigeuze, akinuse. Kisha nikatoboa. Mstari wa S, yaani wa selimundu, ukatokea; wa A, wa damu ya kawaida, ukabaki mtupu. Mtoto aliandikiwa rufaa ya kipimo cha kuthibitisha, na penisilini ya kumkinga na maambukizi ikaanza siku hiyohiyo. Wiki tatu nzima alikuwa amekaa bila kinga hiyo, na ndizo ninazozikumbuka kila ninaposikia ile sauti ikichezwa tena kwenye daladala.