Smith Wigglesworth naye aliugua

Kwenye mikutano ya injili hapa Kisumu, Kondele hasa, utasikia kwamba Smith Wigglesworth, fundi bomba wa Uingereza aliyekuja kuwa mwinjilisti wa uponyaji, hakuwahi kuugua, na kwamba kila aliyemwombea alipona. Sivyo.

Dawa alizikataa, hilo ni kweli. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisumbuliwa na mawe ya figo kwa muda mrefu, akitokwa damu, huku akiendelea kupanda jukwaani kuwaombea wagonjwa wengine. Si uzushi wa wapinzani. Mkwewe James Salter, aliyesafiri naye, alilisimulia waziwazi. Ajabu ni kwamba wahubiri wetu hukiruka kisa hiki, ingawa kwangu ndicho kinachoonyesha ujasiri wake zaidi.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mkewe Polly, aliyemfundisha kusoma, alifariki mwaka 1913, na mwanawe George mwaka 1915. Binti yake Alice, msaidizi wake safarini, alikuwa mzito wa kusikia. Wigglesworth mwenyewe alifariki ghafla mwaka 1947, akiwa na miaka 87, alipokwenda mazishini huko Wakefield.