Msongo wa mawazo si jina jingine la sonona

Jalada la tasnifu linasema "Kiwango cha msongo wa mawazo miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa tatu". Ukifungua kiambatisho, dodoso lililotumika ni PHQ-9, la maswali 9 kuhusu dalili za sonona, ambalo halipimi msongo. Sura ya nne inatangaza kwamba asilimia kadhaa ya wanafunzi "wana sonona". Sura ya tano inarudi kwenye msongo na kupendekeza michezo na ratiba nzuri ya kusoma. Mtangazaji wa redio akiyachanganya maneno haya tunamsamehe, kwa sababu hana jedwali la kutetea. Mwanafunzi wa saikolojia analo.

Maana zenyewe ni fupi. Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili inayomjia mtu anapoona yanayomkabili yamezidi uwezo wake wa kuyamudu. Sonona, kwa Kiingereza "depression", ni ugonjwa. Kwa DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013, mtu awe na dalili 5 au zaidi kati ya 9 kwa wiki 2 mfululizo, karibu kila siku, na mojawapo iwe ama huzuni ama kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Dalili hizo ziwe zimemvurugia maisha, na zisiwe zimeletwa na dawa, kilevi au maradhi mengine. Msongo unaweza kumfikisha mtu kwenye sonona, lakini wengi husongwa wasiugue, na wapo wanaougua bila mtu kuona kilichowasonga.

Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili kilishatenganisha mambo haya mapema, kabla hatujaanza kuyachanganya.

Msongo umetoka kwa kitenzi songa: kubana, kukandamiza, kusukuma kwa nguvu. Ugali husongwa. Magari yakisongamana tunapata msongamano. Hata mafundi umeme wanalo neno hilo, na gazeti la Tanzania likiandika habari za njia ya umeme ya "msongo wa kilovoti 220" hakuna anayedhani nyaya zina huzuni. Katika matumizi yote hayo kipo kitu kinachobana na kipo kinachobanwa, na kibanaji kikiondoka, aghalabu kilichobanwa hupumua. Neno la Kiingereza "stress", ambalo daktari Hans Selye alilieneza katika tiba, lilikuwa tayari la wahandisi, kwa maana hiyohiyo ya mzigo juu ya chuma au boriti. Kwa hiyo aliyechagua "msongo" alichagua vizuri sana.

Sonona nayo ni kitenzi, cha ukoo mwingine kabisa. Kusonona ni kuumia ndani kwa ndani. Moyo husonona, mtu husononeka, habari mbaya humsononesha. Hapa hakuna kibanaji kinachotajwa. Maumivu yamo ndani, na mwenye nayo anaweza kuwa amekaa kivulini siku njema, ada imelipwa, mitihani imekwisha, na bado anasonona. Wataalamu wa afya ya akili Tanzania wamelichukua shina la kitenzi na kulifanya jina la ugonjwa bila kuliongezea kiambishi. Kisarufi ni jambo la ajabu kidogo, kwa kuwa tungetarajia "msonono" au "sononeko", ila limekaa. Kenya utakuta zaidi "unyogovu" au "mfadhaiko". La pili lina kasoro yake: kufadhaika ni kuingiwa na fadhaa, kutahayari na kuhangaika, na mgonjwa wa sonona mara nyingi hana hata nguvu ya kuhangaika.

Kosa, basi, limeingilia wapi? Nadhani ni kwenye hilo neno "mawazo". Mitaani tukisema mtu "ana mawazo", tunamaanisha chochote kuanzia deni la duka hadi kutaka kufa. Likiungwa na "msongo" hulainisha kila kitu, na ndiyo maana watu hulikimbilia: halina aibu, halimtaji mtu kuwa mgonjwa. Katika mazungumzo ya familia hiyo ni hekima. Kwenye dodoso ni hasara, kwa sababu neno ndilo linalochagua kipimo.

Kama unataka kupima msongo, lipo dodoso la mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake la mwaka 1983, ambalo toleo lake la maswali 10 hujulikana kama PSS-10. Linauliza kuhusu mwezi uliopita, kila jibu lina alama 0 hadi 4, na jumla ni 0 hadi 40. Swali la 4, 5, 7 na 8 yameandikwa kwa upande chanya, hivyo alama zake lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha: 0 iwe 4, 1 iwe 3, na kuendelea. Anayesahau kugeuza hupata wanafunzi wote wakiwa katikati, kisha huandika kurasa mbili kueleza kwa nini. Na PSS haina kikomo cha kumtenga mgonjwa na mzima. Ni ya kulinganisha makundi, au kundi lilelile kabla na baada ya jambo fulani.

PHQ-9 ni kitu kingine. Maswali 9 yanafuata dalili 9 za sonona, yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ni 0 hadi 27. Mipaka ya ukali ni 5, 10, 15 na 20. Tazama sasa linavyoharibika likitafsiriwa na aliyechanganya maneno. Swali la 2 linahusu kuwa na huzuni au kukata tamaa. Ukiliandika "kuwa na msongo wa mawazo", kila mwenye mtihani Jumatatu atajibu ndiyo, na nguzo mojawapo kati ya mbili kuu za dodoso imeanguka. Wengine huandika "kujisikia chini", msemo ambao Mswahili hana. Dawa yake ni ya kawaida: wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wakae walinganishe, wa tatu ambaye hajaliona la awali alirudishe kwenye Kiingereza, kisha watu kama wale utakaowahoji waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali. Afadhali zaidi, anza na tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kujaribiwa. (Kukokotoa alfa ya Cronbach na kupata 0.8 hakuokoi tafsiri mbovu. Alfa inasema maswali yanakwenda pamoja. Haisemi yanakwenda wapi.)

Halafu kuna majira. Usingizi, uchovu na hamu ya kula ni maswali ya 3, 4 na 5. Gawa dodoso Zanzibar katikati ya Ramadhani, au chuo chochote wiki ya mitihani, na maswali hayo matatu peke yake yanaweza kumpa mtu alama 9, moja tu chini ya kikomo kinachotumika sana, bila moyo wake kusonona hata kidogo. Malaria, upungufu wa damu na ujauzito hufanya vivyo hivyo. Andika tarehe za ukusanyaji kwenye sura ya tatu na uulize kuhusu maradhi ya karibuni.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wapo wanaolifuta ili kamati ya maadili isiwasumbue. Inaruhusiwa, ila ukilifuta kipimo chako ni PHQ-8, jumla yake ni 24, na lazima uandike hivyo. Ukilibakiza, majibu yasomwe siku ileile, mshauri nasaha ajulikane kwa jina kabla hujaanza, na usikusanye bila njia yoyote ya kumfikia aliyejibu, kwa sababu utakuwa umemuuliza mtu kama anataka kufa kisha ukaondoka.

Tukubali sasa dodoso ni zuri, tafsiri ni nzuri na majira ni mazuri. Bado alama 10 si sonona. Kroenke, Spitzer na Williams walipolichapisha PHQ-9 mwaka 2001 waliripoti kwamba kikomo hicho kilinasa asilimia 88 ya wenye sonona kali, na kikawapita salama asilimia 88 ya wasio nayo. Chukua wanafunzi 400, na tuseme 40 kati yao ni wagonjwa kweli. Dodoso litawanasa 35. Katika 360 waliobaki, asilimia 12 watanaswa kimakosa, yaani 43. Jumla ya walionaswa ni 78, takriban asilimia 20, ilhali ukweli ni asilimia 10, na zaidi ya nusu ya walionaswa si wagonjwa. Dodoso halijakosea. Limefanya kazi ya chujio, na chujio hupitisha watu kwenda kwa mtaalamu atakayekaa nao na kuwahoji.

Hivyo mahali palipoandikwa "asilimia 20 ya wanafunzi wana sonona", andika: "Wanafunzi 78 kati ya 400 walipata alama 10 au zaidi katika PHQ-9, kiwango kinachoashiria haja ya uchunguzi zaidi wa sonona." Kisha rudi kwenye jalada, futa "msongo wa mawazo", weka "dalili za sonona". Kama msongo ndio uliokuwa ukiutaka tangu mwanzo, liache jalada lilivyo na ubadilishe kiambatisho, lakini fanya hivyo kabla ya kwenda kukusanya data.