Neva za simpathetiki na misuli laini ya uzazi

Neva za simpathetiki ni tawi la mfumo wa neva linaloendesha mambo tusiyoyaamua wenyewe, kama jasho na mapigo ya moyo. Wengi huzijua kama neva za hofu na mbio, lakini bila hizo manii hayatoki. Zile za uzazi huanzia kwenye uti wa mgongo, mahali kifua kinapokutana na kiuno, kisha hushuka hadi kwenye nyonga. Huko hukuta misuli laini, ambayo haitii amri yetu kama misuli ya mkono: imo katika tezi dume, shingo ya kibofu, mfuko wa uzazi, na mrija wa mbegu, ule unaokatwa mwanamume anapofunga uzazi.

Neva ya namna hii haina ncha moja inayogusa msuli. Inapopita katikati ya seli huvimba hapa na pale, kama shanga kwenye uzi, na kila uvimbe una vifuko vya kemikali. Umeme ukifika, kalisiamu huingia, vifuko hupasuka, na kemikali huvuka pengo dogo hadi kwenye vipokezi vya msuli.

Mwaka 1946 Ulf von Euler wa Uswidi alitambua kemikali hiyo kuwa noradrenalini, na kwa muda mrefu wengi waliridhika kwamba ni hiyo tu. Mwanasayansi Geoffrey Burnstock alipodai mwaka 1972 kwamba ziko neva zinazotumia ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, alipingwa vikali. Mrija wa mbegu wa simbilisi ulisaidia kumpa haki. Neva yake ikishtuliwa kwa umeme, mrija hubana mara mbili: kwanza kwa haraka, kazi ya ATP, halafu polepole, kazi ya noradrenalini inayoshika vipokezi vya alfa-1. Kwa hiyo neva moja hutoa kemikali zote mbili.

Mrija unapobana kusukuma manii, shingo ya kibofu nayo hufunga, manii yasirudi nyuma. Ndiyo maana mzee wa Mbale au Jinja aliyepewa tamsulosini kwa ajili ya tezi dume anaweza kufika kileleni pasipo kutoa kitu. Dawa huzuia alfa-1, mkojo ukapita vizuri, ila manii hupungua au hukosekana. Si kwamba nguvu za kiume zimekwisha, na mtu asiache dawa kabla ya kumwona daktari.

Kwenye mfuko wa uzazi noradrenalini ileile huleta matokeo mawili yanayopingana. Ikishika alfa-1 msuli hubana. Ikishika beta-2, aina nyingine ya vipokezi, hulegea. Salbutamoli, dawa ya pumu, huchochea beta-2, na imewahi kutumiwa kuchelewesha uchungu unaokuja kabla ya wakati. Mimba inapokaribia kukomaa, neva nyingi za simpathetiki katika ukuta wa mfuko huwa zimenyauka, na uchungu huongozwa zaidi na homoni kama oksitosini.