Orodha ya Jiji Bungeni: Kinachoombwa, na Mahali Mkazi Anapoweza Kuingilia

Kila Juni, bajeti ikishasomwa, ofisi yetu hupokea malalamiko yaleyale. Barabara ya mtaa imebaki mashimo, zahanati haina dawa, taka zimelundikana, na barua karibu zote huishia kwa kauli moja kwamba kaunti imekula pesa. Kazi yangu ni masuala ya bunge katika serikali ya kaunti inayosimamia jiji la Nairobi. Sikusudii kumkinga yeyote aliyefuja mali ya umma, kwa kuwa hilo lina wakaguzi na mahakama zake. Ninachotaka kieleweke ni kwamba mengi yanayolalamikiwa Juni huwa yameshafikishwa bungeni ifikapo mwisho wa Aprili, na wakati huo malalamiko hayakuwepo.

Kifungu cha 218 cha Katiba ya Kenya kinataka Mswada wa Ugavi wa Mapato, unaogawa pesa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, ufikishwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika. Mwaka wa fedha humalizika Juni 30, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Kabla ya hapo, kufikia Februari 15, Hazina ya Kitaifa huwa imewasilisha taarifa ya sera ya bajeti. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo serikali ya jiji hubeba orodha yake ya maombi na kuzunguka kwenye kamati za Bunge la Taifa na Seneti. Mkazi anayekuja na bango siku ya bajeti amekuja na haki yake kamili ya kuandamana chini ya Kifungu cha 37, ila amekuja mlango ukiwa umefungwa.

Tunaulizwa mara nyingi kwa nini serikali iliyochaguliwa iende "kuombaomba" bungeni. Sipendi neno hilo. Kifungu cha 209 kimezipa kaunti kodi ya mali, yaani ardhi na majengo, na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma zinazotoa. Kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni za serikali ya kitaifa. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba akilipa kodi kwenye mzigo wake, pesa hiyo haipiti City Hall, makao ya serikali ya kaunti. Hurudi kwa njia moja kuu, ambayo ni mgao unaopitishwa na Bunge. Kuufuatilia mgao huo, jambo la kwanza kwenye orodha, ni wajibu, na kaunti isiyoufuatilia inawanyima watu wake.

Hapa kuna dhana moja ambayo imenichosha kuisahihisha. Katiba inasema kaunti zote 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Watu huchukua makusanyo yaliyotangazwa mwaka huu, hupiga hesabu ya asilimia 15, kisha hudai kaunti imepewa zaidi au imeibiwa. Kipimo ni hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hizo huwa za miaka ya nyuma. Tena 15 ni sakafu, si dari. Mapambano huwa juu ya kiasi kinachozidi hapo. Mwaka wa fedha 2024/25 kaunti zilikuwa zimepangiwa shilingi bilioni 400.1, na baada ya Mswada wa Fedha wa 2024, uliokuwa wa kuongeza kodi, kuondolewa zikaishia na bilioni 387.4. Mwaka uliofuata, 2025/26, zikapata bilioni 415. Mabunge mawili yasipokubaliana, mswada huenda kwa kamati ya upatanishi, na kamati hiyo ikishindwa kuelewana ndani ya siku 30, mswada huanguka. Mwaka 2019 mvutano wa aina hiyo ulidumu miezi, na mwaka wa fedha ukaanza kabla sheria haijapatikana.

Bilioni hizo zikishajulikana, huja jambo la pili, swali linaloumiza miji zaidi, nalo ni la fomula ya kugawana pesa hizo kati ya kaunti. Seneti huipitisha kila baada ya miaka mitano chini ya Kifungu cha 217. Ya nne ilianza kutumika 2025/26. Kuibadilisha katikati ya safari kunahitaji theluthi mbili ya maseneta, kwa hiyo anayetuandikia Julai akitaka fomula ibadilishwe Agosti anatudai jambo lisilo mikononi mwetu.

Kwa nini tunailalamikia? Idadi ya watu huchukuliwa kutoka sensa, na sensa humhesabu mtu alipolala. Usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Lakini asubuhi yake jiji si lile la usiku. Waliolala Kitengela, Ngong, Ruiru na Mlolongo wamehesabiwa Kajiado, Kiambu na Machakos, nao huamkia Nairobi kila siku. Hutumia barabara za jiji, vyoo vyake na masoko yake, na taka zao huishia kwenye jaa la Dandora. Wakiugua mchana hupelekwa hospitali ya Mama Lucy. Hatusemi wasije. Jiji bila watu hao halina uchumi. Tunachoomba ni kwamba fomula ijayo itambue mzigo wa mchana, na hoja hiyo inapaswa kufikishwa mapema kwa Tume ya Ugavi wa Mapato, kwa kuwa ndiyo inayotoa mapendekezo kabla Seneti haijakaa.

Na Seneti yenyewe haihesabu vichwa. Katika masuala yanayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na hoja hupita ikiungwa mkono na wajumbe wa kaunti 24. Lamu, yenye watu 143,920 katika sensa hiyohiyo, ina kura sawa na Nairobi. Huo ndio mpango wa Katiba, nami naona una hekima yake, maana bila huo kaunti ndogo zingemezwa. Matokeo yake kwetu ni kwamba kumlaumu seneta wa jiji peke yake hakusaidii. Lazima tuwashawishi maseneta wa Turkana, wa Kwale na wa Vihiga kwamba hospitali na soko la jiji vinawahudumia watu wao pia. Hiyo ni kazi ya takwimu na subira. Kwenye Bunge la Taifa mambo ni tofauti, kwani Nairobi ina wabunge 17 wa maeneo bunge na mwakilishi wa wanawake. Mkazi anayejua namba ya simu ya mbunge wake aitumie Februari.

Jambo la tatu kwenye orodha ni ushuru wa matengenezo ya barabara. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa shilingi 25 kwa ajili yake. Dereva anayekanyaga shimo mtaani huamini pesa hiyo iko kwa gavana. Barabara za kitaifa ziko chini ya mamlaka za kitaifa, yaani KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini), na kaunti ina barabara za kaunti. Kaunti zinadai sehemu ya ushuru huo kwa sababu zinatunza barabara, Bunge la Taifa likasema hapana, na bilioni 10.5 za mwaka wa fedha 2024/25 zikazua mgogoro uliofika mahakamani. Ndiyo maana tunaomba sheria itamke wazi fungu la kaunti, badala ya kulijadili upya kila mwaka. Kabla ya kulalamika, tafadhali ulizia barabara yako ni ya nani.

La nne linahusu ardhi ya serikali ya kitaifa iliyo ndani ya jiji. Mwenye ploti anayelipa kodi ya ardhi kwa wakati ana haki ya kuuliza kwa nini wizara na taasisi kubwa za umma hazilipi vivyo hivyo. Kwa ardhi ya umma kuna utaratibu wa mchango unaolipwa badala ya kodi, na malimbikizo yake yamekuwa ugomvi tangu enzi za baraza la jiji. Sheria ya Kitaifa ya Kutoza Kodi ya Mali ya 2024 imechukua nafasi ya zile za zamani, Sura ya 266 na 267. Tunachotaka kwa wabunge ni kiasi hicho kitengwe kwenye bajeti ya kitaifa kila mwaka. Deni lisilotengewa fedha halilipwi.

Sasa, mkazi anaingilia wapi? Kwa njia mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutoa maoni kuhusu mswada ulio mbele ya kamati. Bunge hutangaza, huweka tarehe ya mwisho, na maoni yakifika baada ya tarehe hiyo hayana nguvu. Ya pili ni ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119, ambalo mtu yeyote anaweza kulipeleka wakati wowote kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka ya Bunge. Taratibu zake ziko katika sheria ya mwaka 2012 na katika Kanuni za Kudumu za Bunge, na tafadhali zisomwe. Ombi liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Lielekezwe kwa Bunge, si kwa gavana na si kwa Rais. Mada iandikwe juu ya kila karatasi yenye saini. Lieleze umeshajaribu kupata suluhisho kwa ofisi gani na ulijibiwa nini, au kwamba hukujibiwa. Litaje kama jambo hilo liko mahakamani au mbele ya chombo kingine cha kikatiba. Limalizike kwa kusema wazi unataka Bunge lifanye nini. Majina, anwani, namba za kitambulisho na saini au alama za kidole gumba ziwe kwenye ombi lenyewe. Saini zilizokatwa na kubandikwa kutoka karatasi nyingine hazikubaliki.

Nimeona kazi ya mtaa mzima ikikwama kwa kosa hilo la mwisho pekee. Walikuwa na hoja nzuri. Iliniuma.

Karani wa Bunge ana siku saba za kukagua kama ombi limetimiza masharti. Likikubaliwa, hupelekwa kwa kamati, nayo hupewa siku 60 kujibu. Ukihitaji takwimu za kuliunga mkono, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Ofisi yetu pia inabanwa na muda huo.

Sheria haikuweka ada ya kuwasilisha ombi. Anayekuomba "kitu kidogo" ili akufikishie ombi kwa mbunge au alipandishe kwenye ratiba ya kamati anatenda kosa, nawe ukitoa unatenda kosa. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 adhabu kwa mtu binafsi inafika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Faida iliyopatikana inaweza kuleta faini nyingine, mara tano ya faida hiyo. Kughushi saini za majirani, hata kama unaamini wangekubali, ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake cha kawaida ni hadi miaka mitatu. Afadhali saini 40 za kweli kuliko 4,000 za kubuni.

Kwa wenye vikundi vya mitaa, wauzaji wa masoko na wenye matatu: tunachokosa zaidi tukifika kwenye kamati ni ushahidi wa mchana. Sokoni huingia watu wangapi saa nne asubuhi, na wangapi wametoka nje ya kaunti? Foleni ya kliniki ya mtaa wenu ina urefu gani Jumatatu? Daftari la kawaida lililoandikwa tarehe na saa linatosha. Likitufikia kabla ya Januari kwisha, tutalibeba pamoja na orodha Februari.