Mradi Umechelewa? Msiniongezee Watu

Dhana inayonichosha kuliko zote huja na tabasamu, mara nyingi kampuni ikiwa imetoka kupata fedha za wawekezaji: mradi umechelewa, basi tuongeze wahandisi wa programu. Wakurugenzi huitamka kana kwamba wananipa zawadi.

Mradi wa programu uliochelewa, ukiuongezea watu, kwa kawaida unachelewa zaidi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa, pale kampuni ya IBM, aliliandika hilo mwaka 1975, na bado tunabishana. Mtaro ukichelewa, leta vibarua na majembe, utakwisha. Programu si mtaro. Mhandisi mgeni hajui kwa nini huduma ya malipo hurudia muamala uliokwama, wala jedwali gani la hifadhidata haliguswi mwisho wa mwezi. Wa kumfundisha ni nani? Ni walewale wawili watatu waliokuwa wanaukimbiza mradi. Kwa wiki kadhaa mwenyeji haandiki msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, na mgeni naye bado anahangaika kuwasha mfumo kwenye kompyuta yake.

Halafu piga hesabu. Timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wanaopaswa kuelewana. Ifikishe watu 10, jozi ni 45. Wakiwa 15, ni 105. Ndiyo maana mikutano inazaana na msimbo unakaa siku nzima ukisubiri wa kuupitia.

Sisemi msiajiri. Ajirini mapema, kabla mambo hayajawaka moto, kwa ajili ya kazi ya mwaka ujao. Kwa mradi wa sasa dawa ninayoiamini ni moja, na haipendwi: punguzeni kazi. Mwulizeni meneja wa bidhaa ni kipengele gani kikikosekana siku ya uzinduzi hakuna mteja atakayepiga simu kulalamika. Atasema hakipo. Mwulizeni tena.

Dhana nyingine zinazonichosha nazipitia haraka. Eti mhandisi hodari kuliko wote ndiye awe meneja: hizo ni kazi mbili tofauti. Mwekeeni ngazi ya kitaalamu, mshahara wake upande bila kukabidhiwa watu asiowataka.

Eti kazi ipimwe kwa wingi wa mistari ya msimbo. Aliyefuta mistari 2,000 isiyotumika amewafaa sana, lakini takwimu zenu zitaonyesha alikuwa amelala.

Eti meneja asiyeandika msimbo kila siku hafanyi kazi. Hili hunichekesha. Akijitwika sehemu ambayo wengine wote wanaitegemea, timu itamsubiri hadi atoke mikutanoni. Arekebishe hitilafu ndogo, asome msimbo wa wenzake, na vikao vya ana kwa ana, nusu saa kwa kila mtu kila wiki, visiahirishwe. Hapo sina mjadala. Mameneja wanaoviahirisha ndio haohao wanaoniuliza kwa mshangao kwa nini fulani ameacha kazi.