Oili nyeusi haimaanishi imekwisha

Umesimama sheli kujaza mafuta. Fundi wa kumwaga oili anachomoa stiki ya kupimia oili, anaifuta kwenye kitambaa cheupe na kukuonyesha: "Bosi, ona ilivyo nyeusi, injini inakufa hii." Wengi hutoa pesa hapo hapo. Usitoe kwanza.

Rangi nyeusi peke yake haithibitishi kitu. Oili ina viambato vya kusafisha: inabeba masizi yasigande kwenye vyuma, na ndiyo maana inabadilika rangi. Injini ya dizeli inaweza kuifanya nyeusi siku ileile uliyoweka mpya! Cha kuogopa ni oili yenye rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia, au yenye chembe za chuma.

Kinachoamua lini ubadilishe oili ni kilomita na muda vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wakati ukifika, msimamie fundi papo hapo: galoni ya oili mpya ifunguliwe mbele yako, filta ya zamani uione ikitoka. Mafundi waaminifu wapo, na hawachukii kusimamiwa. Galoni tupu ondoka nayo, isije ikajazwa oili chakavu na kuuziwa mwingine.